Mwaka Shule za Misheni Zilipokubali Kupimwa

Leo tunazungumzia shule za Wakatoliki hapa Tanzania, na zaidi ya yote uamuzi uliofanyika Dar es Salaam mwaka 1928. Uamuzi huo ulibadilisha namna shule hizo zilivyofundisha, zilivyopimwa na zilivyoongozwa, na matokeo yake tunaishi nayo hadi leo.

Tuanzie Bagamoyo. Mapadre wa Roho Mtakatifu walifika hapo mwaka 1868 wakitokea Unguja, wakafungua makazi ya watoto waliokombolewa utumwani. Watoto walijifunza kusoma, kusali, kulima na kazi za mikono. Baadaye Mapadre Weupe walisambaa Tabora, Ukerewe na Bukoba, na Wabenediktini wakafungua misheni kusini, Peramiho na Ndanda. Kila misheni ilizaa vishule vingi vijijini. Mwalimu alikuwa katekista, darasa banda la nyasi, na somo kuu katekisimu. Mtoto alipojua sala na maswali ya ubatizo, alihesabiwa amefuzu. Padre mmoja aliweza kuwa na vishule hivyo kwa makumi, akivitembelea kwa miguu kila alipopata nafasi.

Waingereza walipoitawala Tanganyika, wakaja na kipimo kingine. Tume ya Phelps-Stokes kutoka Marekani ilipita Afrika Mashariki mwaka 1924 kuchunguza elimu. Mwaka uliofuata serikali iliwaita wamisionari kwenye mkutano Dar es Salaam, na mwaka 1927 ikaja sheria ya elimu. Makubaliano yalikuwa wazi: shule itakayofuata mtaala uliokubaliwa, yenye walimu wenye vyeti, na itakayomfungulia mlango mkaguzi, itapata ruzuku. Isiyotimiza hayo itajitegemea.

Hapo, msikilizaji, ndipo palipokuwa na kishindo. Wamisionari wengi waliona hatari. Mkaguzi wa serikali ya kikoloni aingie darasani mwa Kanisa? Fedha za kuwasomesha walimu zitoke wapi, wakati parokia hazina hata makanisa ya kudumu? Na katekista aliyefundisha kwa uaminifu miaka yote, leo aambiwe hana cheti?

Papa Pius wa Kumi na Moja alikuwa amemtuma Askofu Arthur Hinsley, Mwingereza, kuzitembelea misheni za Afrika zilizokuwa chini ya Uingereza. Mwaka 1928 Hinsley alikutana Dar es Salaam na viongozi wa Kikatoliki wa Tanganyika, akawapa mwongozo uliowashtua baadhi yao. Aliwataka washirikiane na serikali kwa nguvu zao zote. Ikiwa hawawezi kubeba mizigo yote miwili kwa wakati mmoja, kanisa na shule, basi shule itangulie. Mtu huyu baadaye alikuwa Askofu Mkuu wa Westminster na kardinali, na neno lake lilikuwa na uzito wa Roma nyuma yake.

Matokeo yakaonekana. Misheni zikaanzisha vyuo vya ualimu. Masomo ya sayansi, historia na Kiingereza yakapata walimu waliofunzwa. Zikainuka shule za sekondari ambazo wazee wetu bado wanazitaja kwa fahari: St. Mary's ya Tabora, St. Francis ya Pugu, Ihungo, Nsumba, Umbwe, na kwa wasichana Marian College ya Morogoro iliyoendeshwa na masista wa Maryknoll.

Hata Julius Nyerere, aliyekuja kuwa Rais, alipita katika shule hizo: alipotoka Makerere alikwenda kufundisha St. Mary's, na Padre Richard Walsh aliyeiongoza shule hiyo akamsaidia kwenda kusoma Edinburgh. Aliporudi mwaka 1952 alikwenda kufundisha Pugu. Mwaka 1955 ikambidi achague kati ya darasa na siasa, akaacha kazi, akashika uongozi wa chama cha TANU kwa mikono miwili.

Lakini ukweli wa historia una upande wa pili, nao lazima tuuseme. Shule zilijengwa palipokuwa na misheni imara. Kilimanjaro na Bukoba zikatangulia, sehemu kubwa ya pwani na mikoa mingine ikabaki nyuma. Wazazi wengi Waislamu waliogopa kwamba mtoto akienda shule ya misheni atabadilishwa dini. Tulipopata uhuru mwaka 1961, pengo hilo lilikuwa bayana. Ndiyo maana Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 iliziweka shule za mashirika zilizopokea ruzuku chini ya serikali. Pugu, Umbwe, Ihungo na Nsumba zikawa shule za umma, na Marian College ikawa Kilakala. Mwalimu Nyerere, Mkatoliki aliyefundisha katika shule hizo, ndiye aliyekuwa Rais. Uamuzi huo uliwaumiza mapadre na masista wengi, lakini uliwafungulia milango watoto wa dini zote, nami nasema ulikuwa wa haki.

Kanisa lilibakiwa na seminari zake, kisha likaanza kujenga upya. Mwaka 1992 makanisa na serikali zilitiliana saini makubaliano ya ushirikiano katika elimu na afya. Leo shule za Kikatoliki zimo miongoni mwa zinazosifiwa kwa ufaulu katika mitihani ya taifa.

Ninyi wakuu wa shule, walimu na wazazi mnaotusikiliza, chukueni somo la 1928. Shule hizo zilipata sifa kwa sababu viongozi wake walikubali kukaguliwa, na walimwandaa mwalimu kabla ya kumdai matokeo. Mkuu wa shule anayemfukuza mtoto dhaifu kabla ya kidato cha nne ili kulinda wastani anakwepa kipimo kile kile kilichoijenga shule yake. Mpokeeni mtoto huyo, mfundisheni, kisha ndipo mhesabu ufaulu wenu.