Habari Itangulie Maji



Kaskazini ya Afungi, katika wilaya ya Palma, mto Ruvuma huingia baharini. Mto huo ndio mpaka wa Tanzania na Msumbiji. Mwaka 1964 wapigania uhuru wa FRELIMO waliuvuka kwenda kuanzisha vita vya ukombozi. Leo macho ya walinzi wa Afungi yameelekezwa kwenye gesi, na ni wajibu wao. Lakini maji ya Ruvuma nayo yanataka ulinzi wa namna yake.

Mpaka sasa hakuna bwawa kubwa katika mto Ruvuma wenyewe. Ikifika siku nchi moja ikataka kujenga, itatupasa kwanza kuutazama mto Zambezi. Upande wa juu lipo bwawa la Kariba, mali ya Zambia na Zimbabwe. Upande wa chini lipo Cahora Bassa, nchini Msumbiji. Kariba likifungua milango, Cahora Bassa hupokea. Cahora Bassa likifungua, anayepokea ni mkulima wa bondeni. Kwa hiyo hapana budi habari ya maji iyatangulie maji yenyewe.

Zamani wahandisi walipanga kwa kutazama mvua za miaka iliyopita. Sasa kipimo hicho hakitoshi. Mwaka 2024, wakati wa El Nino, Kariba lilikaukiwa hata Zambia ikakosa umeme kwa saa nyingi kila siku. Huku nchini Tanzania bonde la Rufiji likafunikwa na mafuriko. Ruvuma upo katikati ya pande hizo mbili. Nani atathubutu kusema mwaka ujao utaegemea wapi?

Itifaki ya SADC ya mwaka 2000 inazitaka nchi zinazochangia mto ziarifiane mapema kuhusu ujenzi na kuhusu dharura. Huo ni msingi mwema, lakini karatasi haipigi mbiu. Anayepiga mbiu kijijini, na kuwahamisha wazee na watoto usiku, mara nyingi ni askari. Basi vituo vya ng'ambo zote mbili na vijuane, vipashane habari za kina cha maji katika msimu wa mvua, na vifanye mazoezi ya uokoaji pamoja, kabla zege la kwanza halijamwagwa.

Tahadhari kabla ya athari. Mtu avukaye mpaka huulizwa hati, maji hayaulizwi.