Mgonjwa Akilazwa, Mwambie Daktari Alichomeza



Tuseme mama yako mwenye umri wa miaka 70 amelazwa kwa ugonjwa wa nimonia. Siku ya nne kifua kinapata nafuu, lakini anaanza kuhara majimaji. Wengi wetu tutalaumu chakula cha hospitali. Huenda chanzo ni bakteria anayeitwa Clostridioides difficile.

Ndani ya matumbo yetu mna bakteria wengi wazuri wanaotulinda. Antibiotiki zinapoua wadudu wa ugonjwa, huua na walinzi hawa pia. Hapo bakteria huyu hupata nafasi, huzaana na kutoa sumu. Mgonjwa huhara, huumwa na tumbo na kupata homa. Hali ikizidi, utumbo huvimba, hata kutoboka, na anaweza kufariki.

Je, daktari anaweza kutambua mapema aliye hatarini? Ndiyo, lakini anahitaji msaada wako. Siku ya kulazwa, mweleze haya:

Je, mgonjwa amemeza antibiotiki katika miezi 3 iliyopita, hata zile za kununua dukani bila kuandikiwa? Alilazwa kwingine hivi karibuni? Amefikisha miaka 65? Anatumia dawa za kupunguza asidi tumboni, kama omeprazole? Ana ugonjwa wa figo au kinga dhaifu? Aliwahi kuugua ugonjwa huu?

Kila jibu la "ndiyo" huongeza hatari. Kwa hivyo, akihara mara 3 au zaidi kwa siku, mwite muuguzi mara moja ili choo kipimwe. Damu nayo hutoa onyo: chembe nyeupe zikiongezeka sana, au figo zikianza kulegea, ugonjwa ni mkali.

Usimpe dawa ya kufunga tumbo bila idhini ya daktari. Tena, nawa mikono kwa maji na sabuni kila umhudumiapo, kwa sababu dawa ya mikono yenye spiriti haiui mbegu za bakteria huyu.

Msikilizaji, usione haya kusema ulinunua dawa bila kuandikiwa. Beba pakiti zote uende nazo hospitalini. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua.