Kumbukumbu za mgonjwa zisiishie njiani



Tunaomba tuanze mbali kidogo. Wataalamu wanaoandaa safari ya watu kwenda sayari ya Mirihi wana tatizo moja: ujumbe wa redio kutoka huko hadi duniani huchukua dakika 3 hadi 22. Mwanaanga akiugua ghafla, wenzake hawawezi kungoja jibu la daktari. Kwa hiyo kumbukumbu za afya yake sharti ziwe ndani ya chombo, katika kompyuta inayofanya kazi hata mawasiliano yakikatika.

Mtauliza, yanatuhusu nini sisi wa Mbinga na mwambao wa Ziwa Nyasa? Miaka ya 1970 shirika la NASA la Marekani lilipotaka kujifunza namna ya kumtibu mwanaanga, lilifanya majaribio kwa wenyeji wa asili wa Arizona walioishi mbali na hospitali. Shida ya angani na ya kijijini ni ndugu.

Kwetu, mama mjamzito anapewa rufaa kutoka kijiji cha mwambao. Daftari lake limeloa kwenye mtumbwi. Maelezo yake yamo katika kitabu cha MTUHA kule zahanati, lakini kitabu hakisafiri. Mganga anaanza upya: kundi la damu ni lipi? Aliwahi kujifungua kwa upasuaji? Kwa mama anayevuja damu, dakika hizo ni uhai.

Majirani zetu wametangulia. Mwaka 2001 kituo cha afya cha Mosoriot, karibu na Eldoret nchini Kenya, kilianza kutunza kumbukumbu kwa kompyuta mbili tu, zikisaidiwa na betri za sola. Utafiti ulionyesha muda wa wagonjwa kungoja ulipungua kwa asilimia 38. Uzoefu huo ulichangia kuanzishwa kwa OpenMRS mwaka 2004, programu inayopatikana bila malipo.

Hata hivyo, kompyuta peke yake haitoshi. Tumewahi kuona kituo kimoja kilichokabidhiwa kompyuta kwa shangwe. Betri ikafa, mhudumu aliyefundishwa akahamishwa, kompyuta ikabaki imefunikwa kitambaa.

Kwa hiyo tunaomba mambo matatu. Wahisani, pamoja na vifaa, changieni mafunzo ya wahudumu wasiopungua wawili kila kituo, na betri za kubadilisha. Tuchague programu inayohifadhi taarifa palepale na kuzituma mtandao unaporudi. Nazo kamati zisimamie chumba chenye kufuli na siri ya mgonjwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inatubana sote; hata mzee wa kanisa asifungue kumbukumbu za mgonjwa.

Mpaka mfumo usimame imara, vitabu viendelee kuandikwa.