Manzese na Sifa Yake

(Hotuba ya wajumbe kutoka Manzese, Dar es Salaam, iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu siku ya kusherehekea miaka kumi ya Chama Kikuu)



Twawashukuru kwa heshima mliyotupa. Si desturi wakulima wanaposherehekea kazi yao ya miaka kumi kuwaita watu wa mjini waje kusema, tena si watu wa mjini wa aina yo yote, bali watu wa Manzese. Barua ya Katibu wenu ilipofika katika chama chetu cha akiba na mikopo, wenzetu wengine waliisoma mara mbili ili wahakikishe kuwa anwani ni yetu. Mlitutaka tuseme juu ya maisha katika mji ule ambako mazao yenu mengi huishia. Tumechagua kusema juu ya jambo moja, nalo ni jina baya la Manzese: limetoka wapi, na ni nani anayelipa gharama yake. Twaona kuwa ninyi nanyi mmo katika hesabu hiyo, ingawa wengi wenu hamjapata kulala Manzese hata usiku mmoja.

Kwa wasiopajua, Manzese ni mtaa ulio kando ya barabara kuu iendayo Morogoro. Siku hizi sisi tu watu wa Wilaya ya Ubungo, na jirani zetu wa Tandale ni watu wa Kinondoni, lakini mpaka huo huonekana katika karatasi tu, miguuni hauonekani. Lori litokalo bara likiwa na mahindi au mchele, likiisha kupita Ubungo, limekwisha fika kwetu. Ndiyo sababu gesti zilikuwa nyingi kwetu tangu zamani, na mashine za kukoboa na kusaga sembe vile vile, na viatu vya mitumba, na mama lishe.

Mtaa huu haukuanzishwa na serikali. Watu walikuja wakitafuta kazi, wakanunua kipande cha shamba kwa mwenye mikorosho au minazi yake, wakajenga. Mwaka 1968 kilifunguliwa Kiwanda cha Nguo cha Urafiki, kilichojengwa kwa msaada wa China, hatua chache tu kutoka kwetu, na wafanyakazi wake wengi wakapanga vyumba Manzese. Wazee wenu waliolima pamba watakumbuka kuwa jasho lao lilikuwa likipita mikononi mwa watu hao kabla ya kuwa khanga na kitenge mabegani mwa mama zao. Basi ujamaa wetu na mkulima si wa leo.

Walakini nyumba zilijengwa bila ramani, na kwa hiyo watu wakadhani kuwa wakaao ndani yake nao wanaishi bila sheria. Hilo ndilo lililokuwa kosa la kwanza. Katika miaka ya 1960 siasa ya serikali ilikuwa kubomoa vijiji vya namna hiyo na kujenga nyumba mpya mahali pake. Mwaka 1972 serikali ikaamua kuacha kubomoa, ikaanza kutengeneza. Mwaka 1974 ukaja mpango wa viwanja na huduma kwa mkopo wa Benki ya Dunia: Sinza, Kijitonyama na Mikocheni vikapimwa viwanja vipya, na Manzese ikaletewa barabara, maji na huduma nyingine pale pale watu walipokuwa wamejenga. Yafaa mlishike neno hili, maana lina kichekesho chake. Sinza na Manzese ni watoto wa mpango mmoja, mwaka mmoja, mkopo mmoja. Hata hivyo kijana wetu akiandika barua ya kuomba kazi huandika kuwa anakaa Sinza.

Baadaye, mwaka 1983, ilipotoka Sheria ya Nguvu Kazi, askari walizunguka mjini wakiwakamata wale walioitwa wazururaji ili wapelekwe mashambani. Mtu aliyekuwa akisukuma mkokoteni au akiuza karanga, naye alihesabiwa humo asipokuwa na kitambulisho cha kazi. Mitaa ya watu wa kipato kidogo, kama wetu, iliyaona mambo hayo kwa karibu. Na mtu akiisha kukamatwa kwa uzururaji, hata akirudi kesho yake na karatasi zake zote, jirani wa mbali hukumbuka kukamatwa tu.

Hatukuja hapa kuwaambia kuwa Manzese haina wezi. Wako. Simu hunyakuliwa dirishani mwa daladala, na iko sehemu mpakani mwetu na Tandale iitwayo Uwanja wa Fisi ambayo magazeti yameiandika mara nyingi kwa ajili ya pombe na ukahaba. Aliyeipita usiku hahitaji kusomewa gazeti. Tunalolikataa ni kule kumchukua mwizi mmoja na kumvika joho la mtaa mzima. Kijana wetu akiimba vizuri, kama wale wa Tip Top Connection ambao watoto wenu wanawajua kuliko sisi, husemwa kuwa ni msanii wa Tanzania. Akiiba kuku, ni mhuni wa Manzese.

Tazameni nyumba zetu zilivyo. Nyingi ni nyumba za Kiswahili: ukumbi katikati, vyumba vitatu huku na vitatu huku, ua nyuma, na choo kimoja. Kila chumba kina familia yake. Katika ua ule kuna mtu mchana kutwa: huyu anafua, huyu anachambua mchele, bibi amekaa juu ya mkeka akitazama kila aingiaye na kumwuliza amemfuata nani. Mgeni hawezi kuvuka ua ule bila kujulikana jina na ukoo. Kwenye majumba yenye kuta ndefu na mbwa, mtu aweza kufa siku tatu asijulikane; kwetu mtu akikohoa usiku, asubuhi ataulizwa hali na vyumba sita. Akifa, daftari la mchango hupita nyumba kwa nyumba kabla jua halijatua, na aliyehamia mwezi uliopita huandikwa humo sawa na mwenyeji. Na ugomvi wa maji au kodi hupelekwa kwanza kwa mjumbe wa nyumba kumi, cheo kilichoanza wakati wa TANU, ambaye hata leo watu humwamkia kwa heshima na kumtoa usingizini bila aibu.

Jina baya lina gharama zake, nazo ni za fedha. Mwanachama wetu mmoja, fundi cherehani mwenye leseni ya makazi ya nyumba yake, alikwenda kuomba mkopo mahali ambapo hatutapataja. Alijibu maswali yote vizuri mpaka alipoulizwa anakaa wapi. Akasema Manzese. Yule bwana aliyekuwa akiandika akaweka kalamu chini, akamwambia arudi wiki ijayo. Na wiki zile zimekuwa nyingi. Dereva wa teksi usiku hutaka nauli ya ziada, au hukushusha barabara kuu ukamalizie kwa miguu. Binti aliyeposwa huulizwa na wakwe kama hakuna ndugu wa mtaa mwingine wa kupokea mahari.

Wahenga walisema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Watu huitumia methali hii juu yetu, nao hawaifikirii sehemu yake ya pili. Kijana aliyekataliwa kazi mara tano kwa sababu ya mtaa wake, siku ya sita huenda akakaa kijiweni na wale asiopaswa kukaa nao. Jambo lile limekuja, naam, lakini limekuja kwa kuwa lilisemwa.

Sasa, Ndugu Wanachama, twaingia katika sehemu inayowahusu ninyi.

Korosho, ufuta na mazao mengine ya namna hiyo, katika mikoa mingi, huuzwa kwa mnada kwa njia ya stakabadhi ghalani, chini ya sheria ya mwaka 2005, na bei hutajwa hadharani. Mahindi, mchele na maharage, aghalabu, kila mkulima hupeleka kivyake. Mzigo hupakiwa kwenye lori kijijini, hushushwa Tandale, hupokewa na dalali, na mkulima hubaki nyumbani akingoja simu. Kwa nini habaki na mzigo wake? Tumewauliza wengi wenu, na jibu ni moja: "Ninaogopa. Nimeambiwa pale Manzese na Tandale mgeni hamalizi siku hajaibiwa."

Ni nani aliyemwambia? Hapo ndipo twaomba mfikiri. Simu ikiisha kupigwa, mkulima huambiwa magunia yamepungua manne. Wahuni wa Manzese wameyachukua usiku. Naye huamini, kwa kuwa tangu utotoni amesikia habari za wahuni hao. Lakini wahuni hao hawana majina, hawakuonekana na mtu, hapana RB ya polisi, wala mwenyekiti wa serikali ya mtaa hakuarifiwa. Mwizi asiye na jina ni mwizi mzuri sana kwa mtu mwenye hesabu mbovu: hashtakiwi, hajitetei, na msimu ujao yu tayari kuiba tena.

Hatusemi kuwa madalali wote ni waongo. Dalali mwema ni mtu wa kufaa mno. Anajua mnunuzi yupi hulipa na yupi hukimbia, hukesha na mzigo wakati wa mvua, na mara nyingine humkopesha mkulima nauli. Tena makuli wanaobeba magunia yale mgongoni ni wapangaji wetu na wengine ni watoto wetu. Tunasema tu kuwa hofu yenu ni mali, na wako watu wanaoila faida yake. Kadiri mnavyoliamini jina baya la mtaa wetu, ndivyo mizani inavyosomwa bila ninyi kuwapo. Hata lumbesa, gunia lile lililofungwa kilemba juu ambalo sheria ya vipimo inalikataza, hustawi mahali ambapo mwenye gunia hayupo.

Msimu uliopita wakulima wawili wa chama kimoja cha msingi miongoni mwenu waliamua kufuata lori lao. Mmoja alikuwa ameshona nauli ya kurudi katika pindo la suruali. Walilala kwetu usiku tatu, mmoja katika nyumba ya mjane wa mfanyakazi wa Urafiki, mwingine kwa fundi viatu. Walisimama penye mizani tangu asubuhi, wakaandika kila gunia kwa mkono wao. Mzigo ulitimia. Siku ya pili yule mwenye pindo alisahau mkoba wake kwa mama lishe. Asubuhi aliukuta juu ya kabati la sahani, umefunikwa kawa ili usipate moshi. Aliporudi kijijini, twasikia, watu hawakupenda sana kusikia habari ya mkoba, walitaka kusikia ya wezi. Hiyo ndiyo nguvu ya sifa: ukweli hauna wasikilizaji wengi.

Kwa hiyo twaleta ombi, nalo tulikwisha liandika kwa Bodi. Kila msimu wa mahindi na wa mchele, Chama kiteue wanachama wawili au watatu wafuatane na mizigo, kwa zamu za wiki mbili, na posho yao itoke katika fungu dogo litakalokatwa kwa kila gunia. Chama chetu kitawapa malazi katika nyumba za wanachama, hamtalipa gesti. Wakae penye mizani, na bei ya kila siku waipeleke kwa Katibu kwa simu jioni ile ile, ibandikwe ukutani mwa ghala. Dalali atakayesema mzigo umeibiwa aombwe RB. Na mwenyekiti wa mtaa aarifiwe siku hiyo hiyo, maana yeye anajua usiku ule ni nani aliyelala na ni nani aliyekesha.

Sisi nasi tuna haja yetu. Wanachama wetu, hasa kina mama wauzao vyakula, hununua mchele na maharage rejareja kwa bei ya mkono wa nne. Kama mtakubali kutuuzia magunia machache moja kwa moja, tutalipa siku ya kupokea, kwa hundi ya chama, mbele ya wajumbe wenu. Kwa kuanza twaweza kuchukua yale yatakayotosha mwezi mmoja, tuone njia inakwendaje.

Mjumbe atakayekuja asimwulize mtu habari za Manzese njiani, atatishwa bure. Akishuka stendi ya Mbezi apande basi la mwendokasi liendalo mjini, ashuke kituo cha Manzese Tip Top, avuke barabara kwa uangalifu, kwa kuwa pikipiki hazina adabu, na amwulize muuza kahawa ye yote zilipo ofisi za serikali ya mtaa. Atapelekwa kwa mkono. Akifika kabla ya saa saba mchana, atakuta chakula.