Watafiti Gani? Namna ya Kuitafuta Makala Iliyohakikiwa

(Nakala ya mada iliyotolewa baada ya swala ya Ijumaa, Songwa, Shinyanga)

 

Ndugu zangu katika imani, kijana wetu mmoja aliyerejea kutoka machimbo ya Geita alituambia hapa barazani kwamba mwenye kuchoma dhahabu kwa zebaki hadhuriki akinywa maziwa, kwani "watafiti wamethibitisha". Nikamwuliza: watafiti gani? Akanyamaza. Sikumcheka, maana ni mara ngapi mimi mwenyewe nimesema "wataalamu wanasema" bila kumtaja hata mmoja! Tuliosoma elimu ya hadithi hatupokei kauli isiyo na isnadi. Vipi basi tuipokee inayohusu mapafu na figo za watoto wetu?

Wanataaluma nao wana mlango wao wa uhakiki. Mtafiti hupeleka makala yake kwenye jarida la kitaaluma. Mhariri huwapa wajuzi wa fani ile ile, ambao mara nyingi mwandishi hawajui. Huchunguza: alipima nini, kwa njia gani, na je, matokeo yanabeba hukumu aliyoitoa? Makala hukubaliwa, hurudishwa irekebishwe, au hukataliwa. Hapa hupimwa kazi zaidi kuliko mtu. Wala uhakiki huo si isma. Zipo makala zilizopita kisha majarida yenyewe yakaziondoa.

Maktaba za vyuo vikuu zina kisanduku cha kutafutia katika kompyuta. Sisi tulio mbali twaweza kutumia Google Scholar kwa simu, au African Journals Online, hazina ya majarida ya Afrika iliyoanza mwaka 1998. Usiandike swali zima. Maneno mawili matatu yatosha. Makala nyingi ni za Kiingereza, basi mwulizeni mwalimu wa sekondari zebaki huitwaje kwa lugha hiyo. Jina la mahali, hata hivyo, halihitaji tafsiri. Niliongeza "Rwamagasa", nikaipata makala ya Stephan Bose-O'Reilly na wenzake ya mwaka 2010, katika jarida la Science of the Total Environment. Waliwapima watu 180 wa Rwamagasa, Geita, wakawalinganisha na 31 wa Katoro. Waliobeba mzigo mkubwa zaidi wa zebaki ni wachomaji.

Tahadhari moja. Maktaba nyingi zina alama ya kuchagua majarida yaliyohakikiwa tu. Alama hiyo huchuja jarida, si kila ukurasa wake: barua na maoni ya mhariri hupenya humo humo. Na ukidaiwa fedha ili usome makala nzima, usiharakishe kulipa. Muhtasari kwa kawaida ni bure, na mkutubi aweza kukusaidia kupata iliyobaki.

Na maziwa? Muhtasari ule haukuyataja, na kutotajwa si kukanushwa. Lakini mvuke wa zebaki huingia kwa pumzi hadi mapafuni, na maziwa huenda tumboni. Nimechapa muhtasari huo kwa Kiswahili. Nakala zipo madrasa. Kijana wetu, nakuomba uchukue ya kwanza, urudi nayo machimboni.