Karo la Nyumba, Maji ya Mtaa: Majitaka na Maji ya Ardhini katika Miji ya Mbeya na Iringa

Maji ya ardhini, yaani maji ya mvua yaliyozama na kuhifadhiwa katika vinyweleo vya udongo na nyufa za miamba, hayafuati mipaka ya viwanja, na kwa sababu hiyo kila shimo la majitaka linalochimbwa katika ua wa nyumba moja ni jambo la mtaa mzima hata kama mwenye nyumba amelijenga kwa fedha zake. Mhadhara huu unatetea hoja kwamba katika mitaa yenye msongamano ya Mbeya na Iringa muda wa kutegemea karo la kila nyumba umekwisha, na kwamba mtandao wa pamoja wa majitaka unapaswa kujengwa na kulipiwa kwa namna ileile maji yanavyotumiwa, yaani kwa pamoja.

Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 541,603 katika Jiji la Mbeya na 202,490 katika Manispaa ya Iringa. Miji yote miwili ina mtandao wa mabomba ya majitaka, na Mbeya hupeleka majitaka yake kwenye mabwawa ya Kalobe. Hata hivyo mabomba hayo yanahudumia sehemu ndogo ya wakazi, na waliobaki hutumia vyoo vya shimo au makaro. Karo lililojengwa vizuri ni tangi lisilovuja ambamo vitu vizito hutuama chini, mafuta huelea juu, na maji ya katikati hutoka kwenda kwenye shimo la kufyonza, ambako udongo unatarajiwa kuyachuja. Kinachoitwa karo mitaani mara nyingi hakina sakafu ya zege, kwa kuwa shimo linalonywesha ardhi huchelewa kujaa na humpunguzia mwenye nyumba gharama za kunyonya, na hivyo hatua ya kwanza ya usafishaji inakuwa haipo kabisa.

Udongo una uwezo wa kweli wa kuchuja, nao haupaswi kubezwa. Lakini uwezo huo unategemea unene wa tabaka kavu lililo juu ya maji na muda ambao majitaka hukaa ndani yake. Iringa imekaa juu ya miamba ya kale ya jamii ya matale, ambako maji hupatikana katika tabaka la mwamba uliooza na katika nyufa zilizo chini yake, na majitaka yakishaingia katika ufa husafiri mbali bila kuchujwa. Sehemu za Mbeya zina udongo wa majivu ya volkano yaliyotoka upande wa Mlima Rungwe, ambao hupitisha maji kwa wepesi. Juu ya hayo kuna msimu mmoja mrefu wa mvua, kuanzia Novemba hadi Aprili au Mei, ambapo kina cha maji ya ardhini hupanda na mashimo mengine huanza kupokea maji badala ya kuyatoa. Ndipo baadhi ya wakazi hutapisha vyoo, yaani huyafungulia majitaka yafuate maji ya mvua mitaroni, na vijidudu vya kuhara na kipindupindu hufika kwa majirani wa bondeni.

Mbali na vijidudu kuna naitreti, chumvi inayotokana na naitrojeni iliyomo katika mkojo na kinyesi. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 50 kwa lita moja ya maji ya kunywa, hasa kwa ajili ya watoto wachanga wanaotengenezewa maziwa kwa maji hayo, kwa sababu naitreti ikizidi huizuia damu yao kubeba oksijeni. Kuchemsha, ambako familia nyingi hukutegemea kwa haki kabisa dhidi ya vijidudu, hakuiondoi naitreti hata kidogo.

Umbali unaoshauriwa mara nyingi kati ya choo na kisima ni mita 30. Kiwanja chenye upana na urefu wa mita 20, ambacho kwa mitaa kama Mwanjelwa ya Mbeya au Makorongoni ya Iringa ni kikubwa, hakiwezi kuutoa umbali huo hata kisima kikiwekwa kona moja na karo kona ya pili, maana mstari wa pembe kwa pembe haufiki mita 29, na hapo bado hayajahesabiwa makaro ya majirani. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito na maziwa, na ni sheria njema. Lakini kipimo hicho huanzia ukingoni mwa maji yanayoonekana, na maji yaliyo chini ya nyumba hayana ukingo. Kumlaumu mkazi mmojammoja kwa uchafu wa kisima ni kumtaka atimize jambo ambalo vipimo vya kiwanja chake vimekwisha kulikataa.

Pingamizi linalotolewa zaidi ni la gharama, nalo ni la haki iwapo kinachofikiriwa ni mabomba makubwa yanayofukiwa kwa kina kirefu katikati ya barabara. Ipo njia nyingine. Nchini Brazil, tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980, mabomba membamba yenye kipenyo cha takriban milimita 100 yalianza kulazwa kwa kina kifupi nyuma ya nyumba na katika vichochoro, yakiwa na chemba ndogo za ukaguzi. Katika Orangi, mjini Karachi, mradi ulioanzishwa na Akhtar Hameed Khan mwaka 1980 uliwawezesha wakazi kujenga mabomba ya vichochoro vyao kwa fedha zao wenyewe. Karibu zaidi na Mbeya, nchini Zambia, mwanzoni mwa miaka ya 1960 ulijaribiwa mtindo wa kuyabakiza matangi ya nyumba kama mahali pa kutuamishia tope na kuyatoa kwa bomba maji tu. Mtindo huu unafaa kwa nyumba zenye makaro imara, mradi tope liendelee kunyonywa kwa ratiba. Karo lisilo na sakafu halifai, na linapaswa kunyonywa, kumwagiwa chokaa na kufukiwa siku nyumba inapounganishwa. Miteremko ya Isanga jijini Mbeya na Kihesa mjini Iringa, inayowatesa wajenzi wa barabara, hapa ni msaada, kwani majitaka hushuka bila pampu.

Mtandao hauondoi uchafu; unauhamisha, na uchafu huo usipopelekwa penye usafishaji wa kutosha, mtandao utakuwa umekusanya madhara ya nyumba elfu mahali pamoja. Bakteria wanaosafisha majitaka katika mabwawa hufanya kazi polepole penye baridi, kwa hiyo mabwawa ya mji kama Mbeya, ulio takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, yanahitaji eneo kubwa kuliko ya pwani, na yapimwe kwa joto la Juni na Julai, si kwa wastani wa mwaka. Iringa, ambayo mtambo wake wa Ndiuka huchota maji ya Mto Ruaha Mdogo, haina budi kuhakikisha kwamba hakuna majitaka yanayoingia mtoni juu ya chanzo hicho.

Linabaki suala la mlipaji. Mwenye nyumba ya kupangisha hulipia kuunganishwa, ilhali mpangaji na jirani ndio wanaokunywa maji ya kisima. Kwa hiyo hana sababu ya kuharakisha. Ada ya kuunganishwa ikidaiwa yote kwa mkupuo, bomba litapita mlangoni na karo litaendelea kutumika. Mamlaka za maji za Mbeya na Iringa, kwa idhini ya EWURA inayopanga bei za huduma hiyo, ziigawe ada hiyo katika ankara za maji za miaka kadhaa, zianze na mitaa ambako visima na makaro vimebanana zaidi, na zisimpe kibali cha karo jipya mtu yeyote ambaye bomba limekwisha kufika mtaani kwake.