Sheria Iliyomziba Shahidi Mdomo



Katika miaka ya 1830 walowezi wa Kiingereza walijitwalia nyanda za kaskazini mwa New South Wales, Australia. Viwanda vya Uingereza vilitaka sufu, na mifugo ilitaka malisho. Malisho hayo yalikuwa na wenyewe.

Tarehe 10 Juni, 1838, kundi la wapanda farasi wenye silaha, likiongozwa na John Fleming, lilifika Myall Creek, katika shamba la mifugo la Henry Dangar. Hapo palikuwa na kambi ya Wawirrayaraay, wenyeji wa asili, waliokaa kwa amani majuma kadhaa. Vijana wao walikuwa wamekwenda shamba la jirani kubandua magome ya miti. Waliobaki, wengi wao wazee, wanawake na watoto, walifungwa kamba, wakaongozwa kando, wakakatwakatwa kwa panga. Walikuwa 28 hivi. Maiti zao zikachomwa moto. Charles Kilmeister, mchunga ng'ombe wa shamba hilohilo aliyekuwa amezoeana nao, alijiunga na wauaji.

Karibu wauaji wote walikuwa wafungwa au waliopata kuwa wafungwa: kina yahe wa Uingereza waliohamishiwa koloni kwa nguvu. Mnyonge alimwua mnyonge mwenzake, na ardhi ikawa ya bwana.

Msimamizi wa shamba, William Hobbs, alitoa taarifa, na Gavana Gipps akaamuru uchunguzi. Mwezi Novemba watu kumi na mmoja walishtakiwa. Waamuzi wakawaachia huru baada ya kama robo saa. Mwanasheria Mkuu, John Plunkett, hakukubali. Aliwashtaki saba upya, safari hii kwa mauaji ya mtoto, akitegemea ushahidi wa George Anderson, mfungwa aliyebaki kibandani na kukataa kushiriki. Saba hao, Kilmeister akiwamo, walinyongwa tarehe 18 Desemba. Walowezi wenye mali, waliokuwa wamechangia fedha za kuwatetea, walikasirika mno.

Walibaki wanne. Shahidi dhidi yao alikuwapo: Yintayintin, mwenyeji wa asili, ambaye walowezi walimwita Davey. Lakini asiyehesabiwa kuwa anamwamini Mungu hakuruhusiwa kuapa, na asiyeapa hakusikilizwa. Ikatazamiwa afundishwe dini kwanza! Kabla ya hapo Yintayintin akatoweka, na mwaka 1839 wanne hao wakaachiwa. Koloni hilo liliruhusu ushahidi wa wenyeji bila kiapo mwaka 1876 tu.

Fleming hakukamatwa kamwe. Alikufa mwaka 1894, akiwa mtu huru.